Kutoka Ndola hadi Kanombe: Mafumbo ya Anga Yanayomsubiri Msomaji wa Kiswahili

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali hupita Isaka. Reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, nayo hupita hapa, na kwa makutano hayo mji mdogo wa wilaya ya Kahama umekuwa bandari kavu ya nchi zisizo na bahari. Makasha ya Rwanda na Burundi hushushwa kwenye mabehewa, hupakiwa kwenye malori, kisha huendelea na safari kupitia Kahama, Nyakanazi na Lusahunga hadi mpakani Rusumo. Madereva na utingo wao hulala hapa, hula kwa mamantilie, na hupiga soga hadi usiku. Ukikaa nao vya kutosha, hasa wale waliokula chumvi nyingi barabarani, mazungumzo hufika kwenye ndege ya Habyarimana. Nani aliipiga?

Swali hilo huulizwa kwa Kiswahili, na hujibiwa kwa Kiswahili na kila mtu aliyepo mezani, kila mmoja na jibu lake. Ila muulizaji akitaka kwenda kusoma, hana pa kwenda. Yaliyoandikwa kwa kina yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa wasomaji wa Paris, Brussels na London. Sisi ambao malori yetu yalibeba matokeo ya usiku ule tumeachiwa tetesi.

Na ndege yenyewe si moja. Katika umri wa mzee mmoja, sehemu hii ya Afrika imepoteza viongozi angani mara tatu bila jibu ambalo pande zote zimelikubali. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Samora Machel wa Msumbiji alikufa Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi walikufa pamoja Kanombe, Kigali, tarehe 6 Aprili 1994. Zote tatu zilianguka gizani, zikiwa zinashuka kwenda kutua. Na zote tatu zilibeba watu waliokuwa wanakwenda kwenye mkutano wa kutafuta amani au wanatoka kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Mwandishi anayetaka kusimulia habari za eneo letu hawezi kuzipita.

Nitakaa zaidi Ndola, kwa kuwa ndiko kunakoonekana wazi kalamu inaweza kufanya nini ikipata wasomaji.

Septemba 1961 Tanganyika ilikuwa imebakiza chini ya miezi mitatu kupandisha bendera yake. Ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Mwalimu Nyerere alikwishasimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York mwaka 1955, kijana asiyejulikana huko, akitafuta watu wa kumsikiliza. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo ilikuwa vitani. Katanga ilikuwa imejitenga tangu tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, ikitegemea fedha za kampuni ya shaba ya Union Minière na bunduki za mamluki wa Kizungu. Aliyekulia kati ya Bulyanhulu na Geita hahitaji maelezo marefu kuhusu jinsi madini yaliyo chini ya kijiji yanavyoweza kuwakutanisha wakubwa wa mbali ambao kijiji hakitawaona kamwe.

Tarehe 13 Septemba askari wa Umoja wa Mataifa walianza operesheni Katanga, na mapigano yakawa makali kuliko walivyotarajia. Wakatanga walikuwa na ndege ya kivita aina ya Fouga Magister iliyokuwa ikiwasumbua askari hao kutoka juu. Hammarskjöld akaamua kukutana na Tshombe uso kwa uso ili mapigano yasimame. Mahali palipochaguliwa ni Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, nchi iliyokuwa bado mikononi mwa walowezi. Jioni ya tarehe 17 ndege ya abiria aina ya DC-6B, iliyopewa jina la Albertina, iliondoka Léopoldville ikiwa na watu 16. Ilizunguka mbali ili kukwepa anga ya Katanga, na kwa sehemu kubwa ya safari haikuzungumza na mtu kwa redio.

Ilipita saa sita usiku ndipo rubani aliposema na mnara wa Ndola kwamba taa anaziona na anashuka. Dakika chache baadaye ndege ilikuwa chini msituni, kama kilomita 15 kutoka uwanjani, inaungua. Pale uwanjani Balozi wa Uingereza, Lord Alport, alisema Katibu Mkuu bila shaka ameamua kwenda kwingine. Usiku ukaisha, asubuhi ikaingia, na taarifa rasmi zinasema mabaki yalionekana saa tisa alasiri. Ni saa kumi na tano, kwa ndege iliyokwisha kusema kwamba inauona mji. Mtu mmoja alikutwa hai, mlinzi Mmarekani aitwaye Harold Julien. Aliongea hospitalini kuhusu mlipuko na cheche angani. Siku sita tangu ajali, naye akafa.

Walikuwapo watu msituni usiku ule. Pembezoni mwa Ndola wachoma mkaa hulinda matanuri yao usiku kucha, kwa sababu tanuri likipata upepo mkaa wote huwa majivu. Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege ya pili, ndogo zaidi, na mwanga ukienda kutoka ile ndogo hadi ile kubwa. Timothy Kankasa, aliyekuwa katibu wa mji wa Waafrika wa Twapia na baadaye mwanasiasa wa Zambia huru, alieleza habari kama hiyo. Wengine walisema mabaki yalijulikana asubuhi, mapema sana kuliko saa ya kwenye taarifa. Tume ya Rhodesia iliyotoa ripoti Februari 1962 iliwasikia na ikaona ushahidi wao hauna uzito. Ikaliweka kosa kwa rubani, aliyekuwa marehemu. Tume ya Umoja wa Mataifa, iliyotoa ripoti yake Aprili mwaka huohuo, haikukubali kufunga mlango: ilisema haiwezi kuthibitisha sababu, wala haiwezi kuondoa uwezekano wa shambulio. Oktoba 1962 Baraza Kuu likamwagiza Katibu Mkuu alijulishe endapo ushahidi mpya utapatikana. Jalada likawekwa kabatini na agizo hilo likiwa limebandikwa juu yake.

Likakaa huko nusu karne. Wachoma mkaa wakazeeka. Hakuna kitu katika kisa hiki kinachoniuma kuliko hicho, kwa sababu watu hawa hawakuficha kitu. Walisema siku walipoulizwa, na wangesema tena kama angetokea wa kuwauliza.

Alitokea. Göran Björkdahl, Msweden aliyekuwa anafanya kazi za misaada Afrika, alikuwa amerithi kipande cha bati la ndege hiyo kutoka kwa baba yake, aliyefanya kazi Zambia miaka ya 1970. Akaanza kuwatafuta wazee wa Ndola mmoja baada ya mwingine. Wakati huohuo Susan Williams, mtafiti wa Chuo Kikuu cha London, alikuwa akifukua nyaraka za Uingereza, Sweden, Afrika Kusini na kwingineko. Akamfikia pia Charles Southall, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani kwenye kituo cha kunasa mawasiliano kisiwani Cyprus, ambaye alisimulia kwamba usiku ule alisikia sauti iliyorekodiwa ya rubani akieleza anavyoishambulia ndege. Mwaka 2011 Williams akatoa kitabu ambacho tangu kwenye jalada kinauliza nani alimuua Hammarskjöld.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Kitabu hicho hakikutoa jina la muuaji. Kiliyapanga maswali vizuri kiasi kwamba aliyekisoma asingeweza kuendelea kusema mambo yalikwisha mwaka 1962. Mmoja wa waliokisoma alikuwa David Lea, mjumbe wa baraza la juu la Bunge la Uingereza. Akakusanya watu, na wakaundia suala hilo tume huru ya wanasheria wanne: Stephen Sedley wa Uingereza, Hans Corell wa Sweden, Richard Goldstone wa Afrika Kusini na Wilhelmina Thomassen wa Uholanzi. Hawakuwa na mamlaka ya kumlazimisha mtu yeyote kusema. Septemba 2013 walitoa ripoti kwamba upo ushahidi wa kutosha kwa Umoja wa Mataifa kulifungua tena jalada. Desemba 2014 Baraza Kuu likapitisha azimio, na Machi 2015 jopo la wataalamu likateuliwa. Aliyewekwa kuliongoza alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman.

Safari hiyo ilianza na bati la ndege kwenye nyumba ya mtu na daftari la mtafiti, ikafika kwenye ukumbi wa mataifa yote kwa miaka michache. Katikati yake walikuwapo wasomaji. Mwandishi wa mafumbo kama haya hatafuti hadhira ili asifiwe. Anaitafuta kwa sababu bila hadhira ushahidi alioupata unabaki kuwa mali yake binafsi, na mali ya namna hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Jaji Othman hakuwa mgeni wa kazi nzito. Aliwahi kuongoza waendesha mashtaka wa mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda mjini Arusha, kisha akawa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Timor Mashariki chini ya Umoja wa Mataifa. Akiwa na Kerryn Macaulay wa Australia na Henrik Larsen wa Denmark, alizungumza na mashahidi wa Ndola waliokuwa bado hai, na safari hii maneno yao yakapimwa kama yanavyopimwa maneno ya shahidi mwingine yeyote. Ripoti ya 2015 iliona zipo habari mpya zenye uzito kuhusu shambulio la angani. Baadaye alibaki peke yake kuendeleza kazi, na ripoti ya 2017 ikasema inaonekana yawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa moja ya sababu za ajali. Ripoti zikaendelea kutoka, 2019, 2022 na 2024. Jambo moja limezidi kuwa bayana ndani yake: zipo nchi, hasa zile zilizokuwa na majasusi wengi Kongo wakati ule, ambazo karibu hakika bado zina nyaraka muhimu zisizofunguliwa. Marekani, Uingereza na Afrika Kusini zimetajwa kwa majina na kuhimizwa zitafute zaidi.

Ripoti hizo hutolewa kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Mtanzania ameongoza uchunguzi mkubwa kuhusu kifo cha kiongozi wa dunia, akasikiliza wachoma mkaa wa Kiafrika, na kazi yake haisomeki kwa lugha ya Isaka, ya Kigoma, wala ya Lubumbashi, mji uliokuwa makao ya Tshombe na ambao wakazi wake wanazungumza Kiswahili hadi leo. Sioni kwa nini tuendelee kusubiri New York itutafsirie. Kazi hiyo ni yetu.

Habari ya Machel nitaipita kwa kasi, ingawa inatugusa kwa karibu. FRELIMO, chama cha ukombozi alichokiongoza, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na makamanda wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Machel alikuwa anatoka Mbala, mji wa Zambia ulio karibu na mpaka wetu upande wa Rukwa, kwenye kikao cha viongozi. Ndege yake aina ya Tupolev, ikiwa na watu 44, ikishuka kuelekea Maputo, iligeuka kulia na kugonga vilima vya Mbuzini. Tume ya Afrika Kusini ya makaburu ikawalaumu marubani. Wasovieti waliokuwa na haki ya kushiriki uchunguzi walikataa hitimisho hilo, wakasema ndege ilivutwa na mawimbi ya redio ya uongo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini nayo ililigusa suala hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, ikasema lichunguzwe zaidi. Lawama kwa rubani aliyekufa, kama Ndola.

Kanombe ni jambo jingine, na mwandishi hulifikia kwa hadhari. Siku ya tarehe 6 Aprili 1994 Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa mwenyeji wa mkutano wa viongozi wa eneo hili mjini Dar es Salaam. Jioni Habyarimana alipanda ndege yake aina ya Falcon 50, zawadi kutoka Ufaransa, na Ntaryamira akaomba wasafiri pamoja. Burundi ilikuwa imempoteza Rais Melchior Ndadaye Oktoba iliyotangulia, na sasa ilikuwa inakwenda kumpoteza wa pili katika nusu mwaka. Baada ya saa mbili usiku, ndege ikikaribia kutua Kigali, makombora mawili yalirushwa. Mabaki yaliangukia kwenye bustani ya nyumba ya Rais mwenyewe. Watu wote 12 walikufa.

Jaji Jean-Louis Bruguière wa Ufaransa, mwaka 2006, aliwashutumu watu wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Habyarimana. Kamati ya Rwanda chini ya Jaji Jean Mutsinzi, katika ripoti iliyotangazwa Januari 2010, iliwashutumu wenye msimamo mkali ndani ya jeshi la Habyarimana. Wataalamu waliotumwa Kigali na majaji wa Ufaransa, Marc Trévidic akiwa mmoja wao, walipima sauti, njia ya ndege na jinsi ilivyopigwa, na ripoti yao ya Januari 2012 ikaonyesha kwamba makombora yana uwezekano mkubwa wa kurushwa kutoka kambi ya Kanombe, kambi ya jeshi la serikali. Desemba 2018 majaji wa Ufaransa wakalifunga jalada bila kumpeleka mtu mahakamani, na rufaa zilizofuata hazikubadili uamuzi huo.

Hadhari ninayoisema ni hii. Wako wanaotumia fumbo la ndege kulifunika jambo lisilo fumbo hata kidogo. Vizuizi vya barabarani, orodha za majina na maneno ya redio ya RTLM havikuanguka kutoka angani. Mahakama ya Arusha, katika uamuzi wa rufaa wa tarehe 16 Juni 2006, ilisema kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi. Anayeandika kuhusu Falcon bila kuliweka hilo wazi mapema hafai kusomwa, hata awe amechimba nyaraka kiasi gani. Hata kombora liwe lilirushwa na nani, aliyeua kwa panga aliua kwa mkono wake.

Matokeo yalikuja kwetu kwa barabara. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji ndani ya siku chache. Chakula chao kilikuja kwa reli na malori, na Isaka ikawa moja ya vituo vya kukishusha na kukipakia. Wapagazi, makarani wa reli, madereva na wenye vibanda vya chakula wa miaka ile walikuwa ndani ya historia hiyo hadi shingoni.

Fumbo la nne halikuua mtu wetu, lakini lilituletea kipande chake. Ndege ya Malaysia, MH370, ilipotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kilipatikana Pemba, na Septemba wataalamu wa Australia wakathibitisha kwamba ni cha ndege hiyo. Uchunguzi wake ulisaidia kuonyesha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, vipande hivyo vya bawa ambavyo rubani huvishusha anapotaka kutua vilikuwa vimerudishwa ndani ndege ilipovunjika. Maana yake hakuna dalili hapo ya rubani aliyekuwa anajiandaa kutua majini taratibu. Bahari ya Pemba ilitoa ushahidi ambao meli za kutafuta, baada ya kupekua kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari, hazikuupata. Nikiwasimulia watu hapa Isaka, wengi huwa ndiyo mara ya kwanza wanasikia.

Nimewahi kuambiwa kwamba habari za namna hii hazina wasomaji wa Kiswahili. Siamini. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960, na tangu siku hiyo msomaji wa Kiswahili anajua raha ya kufuata nyayo. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, mpelelezi wa Kitanzania anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na vitabu hivyo vilisomwa na kuazimwa hadi vikachanika. Kipalapala pale Tabora, mwendo mfupi wa reli kutoka hapa, wamisionari walichapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi, na vilisomwa. Wasomaji walikuwapo na wapo. Kinachowangojea ni kisa cha kweli kilichoandikwa kwa bidii ileile.

Ugumu upo mmoja, na ni wa kweli. Msomaji wa Willy Gamba anajua kwamba ukurasa wa mwisho utamtaja mhalifu. Ndola haina ukurasa huo, Mbuzini haina, wala Kanombe. Mwandishi atashawishika kuutunga. Ninavyoona mimi, njia ni kumkabidhi msomaji kazi ya jaji: huyu alisema hivi siku fulani, akiwa amesimama mahali fulani, akiwa na sababu hii ya kusema kweli na ile ya kusema uongo. Wazee wetu walioketi barazani kusikiliza mashauri walifanya hivyo bila kusoma sheria, na watu walikaa kutwa nzima kuwasikiliza. Msomaji akiheshimiwa kiasi hicho hatadai mhalifu wa kutungwa.

Kwa upande wa Isaka, kazi ina haraka. Wachoma mkaa wa Ndola walipopata wa kuwasikiliza tena walikuwa wakongwe, na wenzao wengi walikwishafariki. Karani wa reli aliyekuwa na miaka 30 wakati mabehewa ya chakula yanamiminika mwaka 1994 sasa amevuka 60. Anakumbuka treni ya kwanza iliingia lini, nani alitia saini, malori ya nani yalipangwa foleni, abiria wa Kigali walisema nini juu ya usiku wa tarehe 6. Reli mpya ya Mwanza hadi Isaka inajengwa, majengo ya zamani huenda yakahamwa au kubomolewa, na vitabu vya kumbukumbu vya stesheni vikaenda nayo. Mimi nimeanza na wazee wa stesheni, kila mmoja na tarehe zake, jina lake likibaki kwangu mpaka aseme litoke. Walio Ngara, Rusumo na Kahama wenye kumbukumbu za miezi ile nao waandikwe mwaka huu, kabla ya masika.